Nimeiondoa programu, mbona bado ipo?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natumia Ubuntu na ndiyo kwanza naanza kuizoea terminali. Nilisakinisha mc (Midnight Commander, programu ya kusimamia mafaili) kwa "sudo apt install mc", nikaitumia siku chache, ikanichosha kwa sababu nikibonyeza F10 ili nitoke, inafunguka menyu ya dirisha na programu inabaki palepale. Nikaiondoa kwa "sudo apt remove mc". Sasa nikiandika mc napata jibu la ajabu: "bash: /usr/bin/mc: No such file or directory". Folda ya /etc/mc bado ipo. Nilipoisakinisha tena kujaribu, nikakuta mipangilio yangu yote ya zamani inanisubiri, nikaiondoa tena. Juu ya hayo apt inasema kuna vifurushi havihitajiki tena, niendeshe autoremove, nami naogopa. Rafiki yangu ananiambia niachane na haya yote, nifute kila kitu chenye jina la mc kwa rm -rf, amri ya kufuta bila kuuliza. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwanza toa mkono kwenye rm, kisha tuzungumze. Hakuna kilichoharibika kwenye mashine yako. Apt imefanya ulichoiambia, neno kwa neno. Ni vile tu neno "remove" kwake lina maana finyu kuliko ile uliyokuwa nayo wewe kichwani.

Meneja wa vifurushi, yaani apt na wenzake, ni kama mtunza ghala mwenye daftari. Watu humsifu kwa kupakua, lakini kupakua ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake. Uzito uko kwenye kuandika: kifurushi hiki kimetoka wapi, ni toleo lipi, kimeleta mafaili gani, kila faili limewekwa wapi, na je, kiliagizwa na mwenye mashine au kimefuatana na kingine. Siku ya kutoa mzigo hakisii. Anafungua daftari na kutoa kilichoandikwa humo. Ambacho hakikuandikwa hakijui, na kwa hiyo hakigusi.

Daftari hilo si siri. Sehemu yake kuu iko kwenye faili la maandishi ya kawaida, /var/lib/dpkg/status, na unaweza kulisoma (kulisoma tu, tafadhali). Orodha ya mafaili ya kila kifurushi iko /var/lib/dpkg/info. Njia rahisi ya kuiona, kifurushi kikiwa kimesakinishwa, ni hii:

dpkg -L mc

Ukiwa na faili na hujui mwenyewe ni nani, unauliza kinyume chake:

dpkg -S /usr/bin/mcedit

Utaona hapo ninatumia dpkg na si apt. Ni watu wawili wa ghala moja. Dpkg yuko chini: anafungua faili la .deb, anaweka mafaili mahali pake, anaandika daftari. Hajui intaneti ni nini. Apt yuko juu yake: anajua seva, anasoma orodha za vifurushi ulizoleta kwa "apt update", anatafuta nini kinategemea nini, anapakua, anahakikisha alama za ukaguzi za faili zinalingana na orodha iliyotiwa sahihi, kisha anamkabidhi dpkg. Ulipoagiza mc, apt iliona kwamba mc haiwezi kusimama bila mc-data na maktaba kadhaa, mojawapo libssh2 inayoiwezesha kufungua folda za mashine nyingine kupitia SSH (njia salama ya kuingia mashine ya mbali). Ndiyo maana ilikuuliza uthibitishe kwa Y au n kabla ya kuendelea. Na hapo ikaandika jambo litakalotufaa baadaye: mc imeagizwa na mtu, mc-data imekuja yenyewe.

Sasa tuje kwenye lile jibu la ajabu. Halina uhusiano wowote na apt. Ni bash, programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali. Ukiandika amri kwa mara ya kwanza, bash huitafuta kwenye folda zote zilizo kwenye PATH (orodha ya mahali pa kutafutia amri), na ikiipata hukumbuka ilipo ili isihangaike tena mara ya pili. Ulipoiondoa mc, dirisha lako la terminali lilikuwa bado wazi, na bash ikaendelea kukumbuka kwamba mc iko /usr/bin/mc. Ikaenda moja kwa moja, ikakuta patupu. Andika "hash -r" isahau, au funga dirisha ufungue jingine. Baada ya hapo utapata lile jibu ulilozoea, la kukwambia amri haipo na kukuonyesha namna ya kuisakinisha.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo, nayo huwapata wanaofuata maelekezo ya mtandaoni bila kuyaandika pembeni. Watu wengi wa mc huongeza mstari wa alias (jina la mkato la amri) kwenye ~/.bashrc, faili la mipangilio ya bash, unaoita /usr/lib/mc/mc-wrapper.sh, ili wakitoka kwenye programu wabaki kwenye folda waliyokuwa wanaiangalia. Mstari huo umeuandika wewe, haumo daftarini, na apt haitauondoa hata ukiibembeleza. Kwa upande wako ujumbe unataja /usr/bin/mc, kwa hiyo sidhani ndiyo shida. Angalia tu.

Folda ya /etc/mc ni habari ndefu zaidi, na ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Mtengeneza kifurushi anaweza kutia alama baadhi ya mafaili kuwa ni mafaili ya mipangilio, kwa kawaida yaliyo chini ya /etc. Dpkg huyashughulikia kwa adabu tofauti na mafaili mengine. Programu yenyewe inaweza kupakuliwa tena kesho, sawa na ilivyokuwa jana. Lakini mipangilio ya /etc mara nyingi ni jasho la mtu. Fikiria aliyekesha siku tatu akirekebisha seva ya barua pepe, kisha akaiondoa kwa muda ili asuluhishe mgongano wa matoleo. Kama "remove" ingefagia na mipangilio, angelia. Kwa hiyo waliounda Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, waligawa kazi ya kuondoa mara mbili: remove hutoa programu na kuacha mipangilio ya /etc, purge hutoa vyote viwili. Andika hivi uone:

dpkg -l mc

Mwanzo wa mstari utaona herufi rc. Ya kwanza inasema umetaka kifurushi kiondolewe. Ya pili inasema kilichobaki ni mipangilio tu. Kwa hiyo daftari halijadanganya chochote: linajua /etc/mc ipo, na linajua kwa nini ipo. Huna haja ya kusakinisha upya ndipo uondoe vizuri. Purge hufanya kazi hata kwenye kifurushi kilicho katika hali ya rc.

Ushauri wa rafiki yako unakuwa mtego hapahapa. Tuseme umefuta /etc/mc kwa mkono. Miezi miwili baadaye unaitaka tena mc, unaisakinisha, na mafaili ya /etc hayarudi. Dpkg anafungua daftari, anaona mafaili haya aliwahi kuyaweka, sasa hayapo, na anahitimisha kwamba mwenye mashine ameyafuta kwa makusudi. Anaheshimu uamuzi wako. Nimewahi kufanya kosa hilihili kwenye seva ya kazi, si kwa mc bali kwa programu iliyokuwa inategemewa na watu. Niliondoa, nikafuta folda yake ya /etc ili "nianze upya", nikasakinisha, ikagoma kuwaka. Nilipoteza nusu siku nikilaumu toleo jipya. Dawa ilikuwa purge, kisha install, dakika moja. Nikaona haya kumwambia mtu.

Kufuta mafaili ya programu yenyewe kwa mkono ni kubaya kwa namna nyingine. Ukifuta /usr/bin/mc kwa rm, daftari bado linasema mc ipo. Ukiagiza apt isakinishe, itakujibu kwamba una toleo jipya kabisa tayari, na utabaki ukibishana nayo hadi ujue kuandika "sudo apt install --reinstall mc". Halafu kuna hilo la "kila kitu chenye jina la mc". Kwenye /usr/bin yako kuna mcookie. Ina herufi hizo mbili mwanzoni, lakini ni mali ya util-linux, mojawapo ya vifurushi vya msingi vya mfumo wako. Kama una mtools, kuna mcopy pia. Jina la faili si ushahidi wa umiliki, na dpkg -S niliyokuonyesha ndiyo ya kuuliza kabla ya kumhukumu mtu kwa jina lake.

Mipangilio iliyokusubiri uliposakinisha mara ya pili, hiyo iko mahali pengine kabisa: kwenye folda yako ya nyumbani, ~/.config/mc, pamoja na ~/.local/share/mc na ~/.cache/mc. Hata purge haiwezi kuigusa. Mafaili hayo hayakuletwa na kifurushi. Yaliandikwa na mc ilipokuwa inaendeshwa na wewe, kwa jina lako. Na sheria ni nzuri ukiifikiria: mashine moja inaweza kuwa na watumiaji hamsini, na msimamizi kuondoa programu moja si ruhusa ya kuingia nyumbani kwa kila mtu na kupekua makabati. Ya nyumbani unayafuta mwenyewe, na hapo ndipo mahali pekee katika hadithi hii yote ambapo rm inahitajika. Bila sudo.

Sasa woga wako wa autoremove. Ni woga wa afya, ila umeuelekeza kwenye amri. Uelekeze kwenye orodha. Nilisema apt iliandika kwamba mc-data imekuja yenyewe. Ulipoiondoa mc, apt ilipitia daftari, ikaona mc-data haina tena anayeihitaji, ikakuambia. Autoremove huondoa vile tu ambavyo havikuagizwa na mtu na havihitajiki na kifurushi chochote kilichobaki, na kwa kawaida huviacha hata vile vinavyopendekezwa tu na kingine. Kanuni hiyo ni ya kuaminika. Mshangao hutokea pale ambapo kitu unachokitumia kila siku kiliingia kwa mlango wa nyuma. Mfano ni programu ambayo hukuiagiza wewe, bali ililetwa na kifurushi kingine kilichoihitaji. Ukikiondoa hicho kilichoileta, nayo inaonekana yatima daftarini, hata kama ndiyo unayofanyia kazi. Ukiona jina unalolihitaji, liandikishe kuwa ni lako kwa "sudo apt-mark manual" na jina la kifurushi. Halitaingia tena kwenye orodha hiyo.

Kabla ya hapo unaweza kufanya mazoezi bila kugusa kitu, na bila hata sudo:

apt-get -s autoremove

Herufi -s ni ya kuigiza. Inakuonyesha kitakachotokea na kuishia hapo. Vivyo hivyo "apt-get -s install" na "apt-get -s remove".

Nalisisitiza hili la kusoma orodha kwa sababu kuna tukio ambalo watu wa Linux bado wanalisimulia. Novemba 2021, Linus Sebastian, mtengeneza video mashuhuri wa teknolojia, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, mbele ya watazamaji wake. Vitegemezi (vifurushi ambavyo kingine kinavihitaji) vilikuwa vimegongana, na apt ikaona njia ya kuiingiza Steam ni kuondoa vifurushi vya mazingira yote ya dawati. Haikuficha. Iliorodhesha vyote, ikaonya, ikamtaka aandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!". Akaandika. Dawati likaondoka. Kosa la msingi lilikuwa la kifurushi, na waundaji wa apt baadaye walibana zaidi sehemu hiyo, lakini onyo lilikuwa kwenye skrini. Amri ya kusakinisha inaweza kuondoa vitu, na wengi hawalijui hilo hadi siku hiyo. Kuanzia apt 3.0 ya mwaka 2025, vitakavyoondolewa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, hatua nzuri kwa sisi tunaobonyeza Y huku tukiangalia pembeni.

Ukisahau ulichofanya, daftari lina kumbukumbu za tarehe pia: /var/log/apt/history.log inaonyesha kila amri, saa yake, na vilivyoingia na kutoka.

Kwa kuwa kesho utakutana na mashine zisizo za Ubuntu, nipite haraka. Kwenye Fedora ni "dnf install mc" na "dnf remove mc", na dnf huondoa vitegemezi vilivyobaki yatima palepale bila kusubiri autoremove, kwa hiyo soma orodha yake kwa makini zaidi. Faili la mipangilio ulilolibadilisha huachwa likiwa na mkia wa .rpmsave. Kwenye Arch, "pacman -R" hutoa kifurushi peke yake, -Rs hutoa na vitegemezi vyake, -Rns haiachi hata mipangilio ya mfumo. Kwenye macOS wenye Homebrew hawatumii sudo, na kifurushi huitwa midnight-commander, jina kamili la programu hii iliyoanzishwa na Miguel de Icaza mwaka 1994. Majina ya vifurushi hutofautiana, na wakati mwingine hata jina la amri hutofautiana na la kifurushi. Kwenye Debian na Ubuntu ukisakinisha bat, amri yake ni batcat, kwa sababu jina bat lilikuwa limeshachukuliwa na wengine.

La kuangalia zaidi ni kwamba mashine moja inaweza kuwa na madaftari mengi yasiyosalimiana. Snap, pip na cargo ni mameneja wengine, na kila mmoja ana lake. Kilichoingia kwa snap hakitoki kwa apt. Na programu uliyoijenga mwenyewe kwa "make install" kwa kawaida haina daftari lolote. Mafaili yake yametawanyika chini ya /usr/local na hakuna anayekumbuka isipokuwa wewe. Ukiwa na shaka, uliza:

type -a mc

Itakuonyesha kila mahali amri hiyo ilipo, zikiwemo alias. Kuanzia hapo ndipo unajua umwendee mtunza ghala yupi.

Kwa mashine yako, basi. Kabla ya kufuta chochote nyumbani, angalia kama uliweka alama za folda ndani ya mc kwa Ctrl na \. Zipo kwenye ~/.config/mc/hotlist, na ni vizuri kuinakili pembeni. Kisha:

sudo apt purge mc
sudo apt autoremove --purge
rm -r ~/.config/mc ~/.local/share/mc ~/.cache/mc
hash -r

Kwenye mstari wa pili, soma orodha kabla ya Y. Kwenye wa tatu, hakikisha hakuna nafasi kati ya ~/ na kinachofuata; nafasi moja hapo inageuza amri ya kufuta mipangilio kuwa amri ya kufuta nyumba nzima.

Ila kabla hujaanza, kuhusu hiyo F10. Si mc iliyokukatalia. Terminali yenyewe ndiyo inayoinyakua F10 kabla haijafika kwenye programu. Fungua mapendeleo ya terminali, ondoa tiki kwenye kitufe cha njia ya mkato ya menyu, na F10 itafika. Au usiguse chochote: ndani ya mc bonyeza Esc, achia, kisha 0. Kama sababu ya kuiondoa ilikuwa hiyo tu, isakinishe tena.

sudo apt install mc

Mipangilio yako bado inakusubiri nyumbani.